Neno Alilolisahihisha Zabibu

Zabibu hakuipenda riwaya ile, na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Mwalimu Kahangwa wa Kiswahili alipowataka wanafunzi wa kidato cha pili wasimame mmoja mmoja waseme kitabu kimewagusaje, wenzake walitoa yale yale ya siku zote: kinaelimisha, kinaburudisha, kina maadili mema. Damian akaapa kimemgusa mpaka moyoni, na wote walijua hata jalada hajalifungua! Zamu ya Zabibu ilipofika, akasimama na kusema, "Mwisho wake ni uongo mtupu, Mwalimu."

Darasa likaguna. Riwaya yenyewe ilihusu wanafunzi wa darasa moja. Wasichana wawili wa dawati moja wanagombana, mmoja anahamishwa shule, halafu sura ya mwisho wanakutana sokoni na kukumbatiana kana kwamba hakuna lililotokea.

"Uongo kwa nini?" Mwalimu akauliza.

"Kwa sababu anayeondoka harudi. Wala hapigi simu."

Kila mtu pale alijua anayesemwa ni Georgina.

Zabibu alikuja Bukoba kutoka Tanga, baba yake alipofungua duka la vitambaa mtaa wa Bakoba. Kihaya hakukijua hata cha kuombea maji, na shuleni kilipigwa marufuku. Ukikamatwa unakisema, unafyeka nyasi jua la mchana. Wenzake walimwangalia kama mgeni wa serikali. Georgina ndiye aliyemsogezea nafasi kwenye dawati, akamfundisha kula senene, wale panzi wa kukaanga, bila kufumba macho. Zabibu naye akajitwika kazi ya kumnyoosha Kiswahili. Georgina akisema "lafiki," anamkatiza hapo hapo: "Rafiki, mama, rafiki! Ulimi wako una mfupa?" Wakacheka. Walicheka wote wawili, au ndivyo Zabibu alivyodhani.

Kisha mama yake Georgina akafariki, na bibi yake wa Kamachumu, huko Muleba, akaja kumchukua.

"Nilimsindikiza stendi," Zabibu akaliambia darasa. "Nilikuwa nalia, sioni hata njia. Kanishika mikono yote miwili, akaniambia eti, 'Ninkwenda.' Nikamwambia, jamani, hata leo unakosea? Sema 'ninakwenda'. Haya, nenda salama. Akaniachia mikono, akapanda gari. Mpaka leo kimya. Sasa huyo ni rafiki gani, Mwalimu?"

Alitegemea wamwonee huruma. Badala yake benchi la nyuma likapasuka kwa kicheko, kikakatika ghafla kama kilivyoanza. Datius, aliyekuwa kinara wa kucheka, akainamisha uso. Mwalimu Kahangwa alikaa juu ya meza yake, jambo asilolifanya kamwe.

"Zabibu, mwanangu," akasema taratibu, "hakukosea. Hicho kilikuwa Kihaya. Alikuwa anakwambia anakupenda."

Loh! Zabibu akaketi. Mtoto wa watu kafiwa na mama, anang'olewa mjini, Kiswahili cha kusemea uchungu huo hana, anakimbilia lugha ya nyumbani kwao; na yeye, hodari wa sarufi, anamsahihisha! Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alitaka kulia, lakini hata kulia aliona hana haki nako.

Jioni alimng'ang'ania Datius, ambaye kwao ni jirani na bibi yake Georgina na namba ya simu anayo. Wakaketi nyuma ya duka na simu ya mama yake Zabibu, sauti wameifungulia. Zabibu alikuwa amejifunza kulitamka neno lile kutwa nzima, safari hii kama linavyotamkwa na wenyewe. Alilotaka ni moja tu: Georgina alisikie.

Bibi akapokea. Kiswahili hana, kwa hiyo Datius akamsalimia kwa Kihaya, salamu ndefu kweli, Zabibu akimfinya mkono afupishe. Hatimaye akasikia jina la Georgina likiitwa kule kwa sauti ya juu, kuelekea jikoni. Kuku wakalia. Sauti ya msichana ikajibu kwa mbali, na Zabibu akaitambua mara moja, akaruka akakaa wima.

"Ndiye! Mwambie aje! Datius, mwambie ni mimi!"

Datius akasema. Bibi akaita tena. Ile sauti ikajibu tena, kwa ufupi, na bibi akacheka kidogo, kicheko cha mtu mzima anayeona haya mbele ya mgeni. Kisha akasema maneno machache.

"Anasemaje?"

"Yuko jikoni, anamenya ndizi."

"Si aziache! Anakuja?"

"Haji."

"Umemwambia ni mimi?"

"Nimemwambia, Zabibu. Amejua ni wewe."

"Sasa kasemaje?"

Datius alitazama pembeni, akaitazama simu, akaona hakuna pa kukimbilia.

"Kasema tukwambie yeye Kiswahili hajui."