Gauni Lenye Uzi wa Bandi

Usiku ule nililala na daftari kifuani. Kukicha ningekutana kwa mara ya kwanza na mafundi wa programu, mimi niliyekaa miaka minane mapokezi ya kliniki ya wajawazito nikitafuta kadi zilizopotea. Kliniki ilitaka programu ya simu, na mimi ndimi niliyepewa umiliki wa bidhaa: wao wanaandika, mimi nasema kipi kianze, kipi kisubiri, kipi kiachwe kabisa. Orodha yangu ilikuwa na mambo arobaini na moja. Mbele ya kila jambo nilikuwa nimeandika "muhimu sana", hata mbele ya picha ya mganga mkuu na salamu zake. Niliogopa watanicheka na kazi apewe mwingine.

Nikajikuta dukani kwa shangazi Zuhura. Shangazi alifariki mwaka juzi, fundi cherehani aliyevalisha maharusi wa mtaa mzima, lakini sikushangaa kumwona. Futi ilikuwa shingoni, pini mdomoni, na jua la mchana lilikuwa likiingia mlangoni. Furaha ilinipanda hadi nikataka kupiga vigelegele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku meno yamebana pini, vilevile kama zamani.

Vitambaa vimejaa mpaka darini. Nasogea, naona kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye mwandiko wangu: muhimu sana, muhimu sana, muhimu sana. Shangazi anazisoma moja moja, anacheka hadi mabega yanatikisika.

"Sasa we mtoto, yupi anaolewa Jumamosi?"

Nageuka kuwatazama wateja. Benchi lao limekuwa benchi letu la kliniki, na kina mama wamekaa na matumbo yao, wamefika tangu alfajiri. Mmoja ananiuliza swali nililoulizwa kila siku kwa miaka minane.

"Dada, zamu yangu bado?"

"Hawa, shangazi," nasema, na sauti yangu inapanda yenyewe. "Wanataka kujua zamu yao wakiwa nyumbani, wasishinde hapa."

Shangazi anachomoa kitambaa kimoja tu. Vingine anavirusha rafuni bila huruma. Kile cha picha ya mganga mkuu kinaangukia chini ya meza, na mimi nacheka kama mtoto aliyeiba sukari.

Cherehani inalia, kisha si cherehani tena, ni vidole vya mafundi kwenye kompyuta, na shangazi anapita katikati yao akikagua mishono. Mkononi ana gauni langu la manjano, lile alilokuwa akilishona ugonjwa ulipomzidi. Bado lina bandi, ile mishono mirefu ya uzi mweupe ya kushikiza tu. Shangazi hakuwahi kupitisha mashine kabla mwenye nguo hajaijaribu.

"Vaa."

"Halijaisha, shangazi."

"Likiisha utaniambia nini? Vaa na bandi zake, unionyeshe linapobana."

Nalivaa. Linabana kwapani, na namwambia. Anafurahi kuliko mtu aliyesifiwa. Anavuta uzi mara moja, mshono unaachia, mkono wangu unakuwa huru.

Niliamka mkono bado umeinuliwa. Kulikuwa kumepambazuka, na moyo ulikuwa ukinienda mbio kwa furaha, na kwa kumkosa pia. Nikachukua daftari, nikakata mambo arobaini. Likabaki la zamu. Nikampigia Baraka, kiongozi wa mafundi.

"Kaka, tusikutane ofisini. Chora ukurasa wa zamu kwenye karatasi, uje nao kwenye benchi la kliniki."

"Karatasi tu, dada? Mbona hatujaandika hata mstari mmoja?"

"Uje nao hivyohivyo," nikasema. "Kina mama watatuonyesha unapobana."