Jina Nililolifuta Langoni mwa Masista

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize. Mimi nimesoma filozofi Lubumbashi, nimebishana na padri, na mganga, hata na baba yangu. Na haya yalinipata saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Ilikuwa enzi ya Zaire, siku masista walipofungua nyumba yao ya mafungo hapa Kamina. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo sista mkubwa aliniweka langoni na karatasi, niandike watakaolala humo kwa majina ya ukoo tu. Wa kwanza alikuwa mdogo wangu, Ngoie Banza, aliyejiandaa kwa nadhiri. Mama alimpa jina la mama yake, nyanya yetu, aliyefia Luena kabla sijazaliwa. Kwetu Baluba, jina la marehemu ndilo linalomfunga mtoto kwenye ukoo. Mimi niliziita hizo hadithi za wazee.

Akaja kikongwe mmoja, pekupeku, miguu haina hata vumbi.

— Mutoto, andika: Ngoie Banza.

— Mama, ile jina iko tayari kwa liste. Ni ya ndugu yangu.

— Ni yangu. Yeye aliazima tu.

Nikacheka.

— Basi muko babili, na chumba iko moja! Nifute nani?

— Futa ule aliazima.

Niamini, ulikuwa mzaha. Nilitaka kumfurahisha, kisha jina nilirudishe. Nikapiga mstari juu ya jina la mdogo wangu. Kuinua macho, barabara tupu mpaka relini. Kikongwe gani hukimbia hivyo?

Kwaya ya wake za askari wa kambi ilipomaliza kuimba, sista mkubwa akaita, "Ngoie Banza!" Mdogo wangu alikuwa hatua mbili mbele yake. Akageuka nyuma, kama wengine, kutazama nani anaitwa.

Nikamkimbilia.

— Ngoie, ni weye banaita!

Tangu utoto aliniita yaya, kaka yake mkubwa. Sasa akanipa mkono kwa adabu, kama serikali ilivyotufundisha kumwita “raia” kila tusiyemjua:

— Jambo, sitwayeni. Unatafuta nani?

Nililiandika upya lile jina, karatasi nzima. Wapi! Sala alizikumbuka zote, nyimbo zote. Sisi tu hakutukumbuka. Daktari alisema ni mshtuko. Mshtuko wa nini, daktari? Nadhiri aliziweka. Mama yetu alipofariki, alikuja na masista wenzake kumwombea, akatupa pole sisi wafiwa, akarudi zake.

Siku ile mama alikuwa jikoni mwa masista, hatua thelathini kutoka langoni. Angemtambua yule kikongwe, na angejua la kumwambia. Sikumwita.

Wewe unayenisoma na digrii yako: mtu akija kudai jina la ndugu yako, weka kalamu chini. Mwite mama yako kwanza, aje amtazame uso.