Tangazo la Wanaonidai

Jamani waungwana, sogeeni mkekani, mwenye kahawa anywe, maana hii aibu yangu nikishaanza kuisimulia sirudi nyuma. Kama kisiwa hiki kingekuwa na pa kuhamia, mimi Bakari ningehama Miburani siku ileile, ila hapa ukihama sana unajikuta umerudi ulikotoka.

Friza langu la pweza lilikufa, pweza wa thamani ya nyumba nzima (haya, nusu nyumba) wakaoza humo mpaka paka wa jirani wakahama mtaa, nami nikabaki nadaiwa kila kona. Nikasikia kuwa mtu akifilisika anakwenda mahakamani anasema nimekwisha, sheria inamkinga. Nikavaa kanzu, huyo Kilindoni, nikamkuta karani, mama mmoja mpole, nikamwambia, "Bibi, nimekuja kufilisika."

"Hapa ni mahakama ya mwanzo, baba," akasema. "Yuko hakimu na washauri wake, tunaamua mirathi na ugomvi wa mbuzi. Kufilisika ni Mahakama Kuu, bara, mbele ya jaji."

"Na huyo jaji ndiye atakayewalipa?"

"Jaji halipi mtu. Akikubali ombi lako, mali inashikwa na mfilisi, wanaokudai wanaitwa kikao, mfilisi anauza, kila mmoja anapata fungu lake. Vyombo vya kazi na nguo za mwilini unaweza kuachiwa."

Hapo nikapumua, maana nilichokuwa nakililia ni kimashua changu, kikienda hicho wanangu watakula mchanga. Nikauliza naanzia wapi. Akasema nianze na orodha: mali yangu yote, na kila anayenidai, nisimwache hata mmoja.

Sasa mimi na kalamu hatujuani, na wanaonidai wengine nilishawasahau kwa makusudi, kwa hiyo nikaona nijirahisishie. Nikampitia muadhini wetu, nikamwambia, "Shehe, nitangazie kwenye kipaza sauti, yeyote anayemdai Bakari Kombo afike nyumbani kwake baada ya adhuhuri."

Akanitazama. "Bakari, maneno haya watu watayachukua vingine."

"Wewe yaseme tu, shehe."

(Kwetu maneno hayo husemwa mtu akiwa ndani ya jeneza. Nalijua hilo tangu utotoni, lakini siku hiyo kichwa changu kilikuwa mahakamani.)

Nikaenda kumngoja mwalimu amalize vipindi aje aniandikie orodha. Tunarudi, nyumba imejaa watu hadi barabarani, ndani wanawake wanalia, mke wangu Mwanahawa katoka kwenye mwani kalowa mpaka kiunoni, na wanaume wawili wenye majembe wanabishana urefu wangu. Wanangoja maiti itoke Kilindoni, maana asubuhi nilionekana nikielekea huko.

Nilitaka kujitokeza, Mungu shahidi, lakini shemeji yangu Juma alikuwa keshasimama anasema, "Anayemdai marehemu aseme, au amsamehe."

Mzee Saidi wa dukani akasema, "Nimemsamehe." Fundi mashine akasema, "Nami nimemsamehe, alikuwa mcheshi." Muuza mafuta akasamehe. Jamani, madeni yanaanguka kama dafu! Nikamvuta mwalimu nyuma ya migomba, nikamnong'oneza, "Tulia, wamebaki wawili."

"Bakari, hii dhambi," mwalimu akasema.

"Dhambi ni kuuza mashua."

Wa mwisho naye akasamehe. Juma akainua mikono, akaniombea pepo, akaomba kaburi langu lipanuliwe, dua nzuri sijapata kuombewa, nami kwa mazoea nikaitikia "Amin" kwa sauti kuliko wote.

Wakageuka. Mwanahawa akatoka, akaniona, akaokota kandambili. Nimeapa, tangu siku hiyo jina langu halitajwi tena kwenye kipaza sauti mpaka siku yenyewe. Lakini kandambili haikuniuma kama Mzee Saidi, alivyofuta machozi taratibu, akamgeukia Juma, akasema, "Shemeji mtu, msamaha wangu naurudisha. Akifa kweli mniite tena."