Sindano Katikati ya Maombi

Mimi sina subira, na mtaa wetu mzima wa Mandewa unalijua hilo. Kwa hiyo dada yangu mkubwa aliponiomba nimchangie mayai yangu ya uzazi, yake yakiwa yamegoma, nilikubali kabla hajamaliza kulia. Watoto wangu watatu walikuwa wameshanichosha. Mayai yaliyobaki sikuwa na kazi nayo.

Sikujua shughuli yenyewe. Nilichomwa sindano za homoni kila jioni mpaka tumbo likavimba kama nimetoka kula msibani. Kipimo cha mwisho cha ultrasound tulipiga hapa mjini, picha zikaenda kwa simu hadi kwa daktari wetu Dar es Salaam, naye akatoa amri: sindano ya mwisho saa mbili usiku kamili, kesho tupande basi, keshokutwa asubuhi mayai yatolewe. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoyakomaza. Ukikosea saa, yanatoka machanga, na yai changa halitungi mimba. Dada alikuwa ameuza shamba lake la alizeti kwa ajili ya jaribio hili. La pili lisingekuwepo.

Saa mbili ikikaribia, shangazi akaingia kutoka kijijini Kinampanda bila taarifa. Tunampenda, lakini siri ukimpa leo, Jumapili kanisa zima linayo. Akanitazama tumboni, akapiga kigelegele.

"Wa nne huyo! Kweli Mungu hana choyo."

Dada akageukia dirishani. Nilitamani kumrudisha shangazi stendi kwa mikono yangu.

Tukapakua chakula harakaharaka ili ale akalale. Tulisahau kwamba kwetu mgeni mkubwa ndiye anayeombea chakula, na shangazi akiombea chakula, kinapoa. Alianza na wagonjwa wa wilaya yote ya Iramba. Akaenda kwa wasafiri. Akaombea mvua. Simu ya dada ikatetemeka mezani: saa mbili. Kumkatiza mtu mzima katikati ya maombi, katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuthubutu.

Nikafumbua jicho moja. Dada naye alikuwa amefumbua lake. Akaitoa sindano kwenye kikombe cha barafu alichokificha chini ya meza, nami nikapandisha blauzi ndani ya kanga. Wakati huohuo shangazi akamfikia yeye: "Bwana, na huyu mkubwa umkumbuke. Amengoja vya kutosha."

Machozi ya dada yakanidondokea pajani, kisha akanichoma kwa nguvu kuliko alivyofundishwa.

"Yesu wangu!" nikapiga kelele.

"Amina, mwanangu!" shangazi akaitikia kwa furaha, akaanza upya na wagonjwa. Chakula tulikila baridi.

Keshokutwa yake nilizinduka kliniki Dar es Salaam, mdomo mkavu na tumbo likiuma. Dada alikuwa amesimama kando ya kitanda.

"Yamekomaa," akasema. "Karibu yote."

Nikamwambia aache kulia anipe maji. Hakunipa. Alipiga goti sakafuni, yeye aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akaniambia.

Niliona aibu mpaka masikioni. Nikamwambia ainuke, watu wanatuona. Hakuinuka. Akabaki pale pale, anangoja, mpaka nikaitikia.

"Marahaba, dada."