Maziwa Yaliyonuka Moshi

Juzi pale Mbalizi nilimwona mkaguzi akimwaga maziwa ya mchuuzi mmoja, nikajisikia kuchoka. Utotoni nilimsindikiza mama mjini kuomba kibali cha kuuza maziwa. Kibuyu chetu kilinukia moshi, kwa sababu tulikifukiza kwa vijinga vya moto ili maziwa yasiharibike upesi.

“Mama we, haya yananuka moshi! Kibali hupati,” alisema Bwana Afya, mkaguzi wa maziwa pale mjini.

“Bwana mkubwa, huo moshi ndio unaosafisha kibuyu,” mama alijibu kwa sauti ya uchovu.

Bwana Afya akayamwaga yote chini. Mimi nilidhani anatambikia mizimu ya kwetu, kwa hiyo nikapiga magoti na makofi ya heshima, kama tulivyofanya nyumbani wazee walipomwaga maziwa ya tambiko. Watu wakacheka. Mama akapiga magoti kando yangu, akapiga makofi pia, nisiaibike peke yangu.