Siku Polisi Walipokuja Kumchukua Ng'ombe Wetu

Miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, mji wetu wa Bunia ulikuwa mtulivu kwa macho tu. Wazazi wetu walikwisha kufa. Mimi, binti yao wa kwanza, niliacha shule nikawa nakamua ng'ombe mmoja waliyetuachia, na kila asubuhi nikipeleka maziwa mtaa wa Wazungu. Wadogo zangu walikula kwa hayo.

Kisha polisi wakampiga fimbo mama mmoja mkulima, mjamzito, mbele ya soko zima, kwa kuchelewesha mihogo ambayo kila mkulima alilazimishwa kuipeleka serikalini. Wanawake wakulima wakakubaliana kwamba chakula hakitaingia tena mtaa wa Wazungu, na kwamba hakuna atakayerusha hata jiwe.

Watu wa ukoo wetu walisema hayo si yetu. Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe. Na wakulima tuliuziana tu, hatukuketi pamoja. Lakini mimi nilimwona yule mama akianguka. Sikupeleka maziwa. Kwetu hayamwagwi chini, basi niliwanywesha watoto wa wakulima jirani zetu.

Baada ya siku chache polisi wawili wakaja na kamba. Administrata, mkuu wa Kizungu wa wilaya, ameamuru, walisema: asiyetoa maziwa atatoa ng'ombe. Ningeahidi kuyapeleka, wangeondoka. Niliwatazama wadogo zangu, nikakataa kuahidi.

Wakamvuta ng'ombe hadi mlango wa boma letu, wakasimama. Njia ilikuwa imejaa wanawake wakulima walioketi chini na watoto wao mapajani. Mbele kabisa alikuwa yule mama aliyepigwa. Sikuwa nimemwita mtu. Polisi mmoja akawauliza kama wamerukwa na akili, maana ng'ombe si wao.

"Iko yetu, mutoto yangu," yule mama akamjibu polepole. "Kama weye iko na nguvu, mupitishe huku juu yetu."

"Na kofia yako uishike, isituangukie," mwingine akasema nyuma, na wenzake wakacheka.

Ndipo ukafunguka mlango wa baba mdogo, ambao tangu asubuhi ulikuwa umefungwa; yeye naye alikuwa amesema hayo si yetu. Akatoka bila neno, akatafuta nafasi kati ya wanawake wale, akaketi vumbini na suruali yake ya kanisani. Sikuyaamini macho yangu. Mlango mwingine wa ukoo wetu ukafunguka, na mwingine.

Polisi akaiachia kamba. Ng'ombe akarudi bomani mwenyewe. Mimi nikaenda kuketi vumbini kando ya yule mama.