Mpira Ulivyofika Chumbani kwa Bi Mwanakombo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya Diani, Mhandisi Mkuu alinikabidhi ngazi na koleo, akanituma paani.

"Antena inatazama bahari," alisema. "Samaki hawarushi matangazo. Igeuze."

Niliigeuza, vyumba vyote vikapata picha, na tangu siku hiyo nikawa fundi wa televisheni.

Sikuwa mtu wa kutulia. Nilikaa hotelini miaka miwili, duka la Ukunda mwaka mmoja, kisha Waa, Shimoni, hadi kisiwa cha Wasini nikivusha ngazi kwa mashua. Enzi hizo kila televisheni ilivutiwa waya wake. Kisha ikaja tyuna ya mtandao. Ni kisanduku kidogo: upande mmoja unaingiza waya wa antena, upande wa pili waya wa ruta, kifaa kinachogawa mtandao nyumbani. Kinapokea matangazo na kuyasambaza katika mtandao wa nyumba, na kompyuta yoyote iliyomo katika mtandao huo inageuka televisheni. Nilipoona mara ya kwanza picha ikitokea kwenye kompyuta inayotumia mfumo wa Linux, isiyo na waya wowote, nilicheka peke yangu kama mwehu.

Siku iliyonikaa zaidi moyoni ni ya Msambweni. Bi Mwanakombo, karani mstaafu, alikuwa kwenye eda. Mumewe amefariki, naye anakaa ndani miezi minne na siku kumi, haonekani na wanaume wasio maharimu wake. Televisheni ilikuwa barazani, kwa wanaume. Na alasiri ya siku hiyo binti yake, Zuhura, alikuwa anacheza fainali ya mpira ya shule za wasichana, ikirushwa moja kwa moja. Chumbani mlikuwa na kompyuta ya marehemu, yenye Linux.

Niligawa waya wa antena, tawi moja kwa televisheni, jingine kwa tyuna. Nikaweka ruta mpya, kisha nikaketi nje ya pazia la chumba.

"Shikamoo, Bi. Fungua dirisha la kuandikia amri, nitakusomea."

"Marahaba. Soma, lakini usinisomee kama mtoto wa darasa la kwanza. Nimepiga taipu ya serikali miaka mingi."

Nilimsomea amri ya kuweka programu ya tyuna. Vidole vyake vikalia kama mvua kwenye mabati. Programu ikakubali. Nikamsomea amri ya kuitafuta tyuna yenyewe.

"Inasema haikuona kifaa."

"Labda umekosea herufi, Bi."

"Sijakosea."

"Hebu angalia tena."

"Fundi, herufi zangu nazijua. Angalia waya zako."

Waya zilikuwa sawa, taa zikiwaka. Nikamwambia azime kwa muda kinga ya kompyuta, ile inayozuia mawasiliano isiyoyatambua. Bado. Kwenye televisheni ya barazani timu zilikuwa zinaingia uwanjani.

"Umo katika mtandao gani, Bi?"

"Ule ulionipa. Pameandikwa Wageni. Hivi mimi ni mgeni nyumbani kwangu?"

Nilishika kichwa. Yalikuwa mazoea ya hoteli: kila ruta niliitengea mitandao miwili isiyoonana, wa wenyeji na wa wageni. Tyuna nimeiweka kwa wenyeji, mwenye nyumba nimemtupa kwa wageni. Nikampa nywila ya mtandao wa wenyeji, akahamia huko na kurudia amri.

"Imekuja namba ndefu."

"Ndiyo yenyewe. Sasa tafuta stesheni."

Zikajipanga moja baada ya nyingine, naye akizitaja kwa sauti. Kisha akafungua ile ya fainali.

"Namwona," alisema. "Kajifunga bandeji gotini. Mbona hakuniambia?"

Nilikwenda barazani nikiwa na moyo mwepesi. Lakini picha ya mtandao huchelewa sekunde chache, maana kompyuta hukusanya kidogo kabla ya kuonyesha. Sikulifikiria hilo mpaka mpira ulipogonga mwamba, wanaume wakapiga kelele, naye akauliza toka ndani, "Kuna nini?"

Nilimweleza shemeji yake, Mzee Bakari, kwamba kelele zetu zinamfikia kabla ya picha. Akawageukia wenzake. "Hapa hakuna kelele tena. Atakayepayuka atakwenda kutazamia barabarani."

Kazi nimeiacha mwaka huu. Magoti yamekataa ngazi, ingawa miguu bado inataka safari. Vijana wakiniuliza kama naitamani tena, siwaambii habari za hoteli wala mapaa. Nawasimulia kipindi cha pili: Zuhura aliufikia mpira mbele ya lango, akaupiga, wavu ukatikisika. Wanaume wazima wakaziba midomo kwa viganja, Mzee Bakari akauma kofia yake, wote tumegeukia mlango wa chumba tukihesabu sekunde. Moja, mbili, tatu, nne. Ndipo tukasikia kiti kikianguka ndani.